Nani Kakwambia Yamekwisha?

Mliniacha kwenye benchi la hospitali, nimeshika viatu vya binti yangu, nangoja daktari atoke. Alitoka. Vidole viwili vya mkono wa kushoto, cha shahada na cha kati, havikuwezekana kuunganishwa. Nilimshukuru Mungu kwamba mwanangu yu hai, kisha nikakasirika, na hasira yenyewe ndiyo hii ninayoandikia.

Kwa aliyechelewa kuingia, asogee nimweleze kwa ufupi. Mume wangu alifanya kazi kiwandani hadi kiwanda kikafa. Banda langu la cherehani likaungua na nguo za watu ndani. Ndipo kaka yangu, aliyerithi karakana ya mbao ya marehemu baba yetu, akamchukua binti yangu akafanye kazi kwake, apige msasa na kupaka vanishi. Nikamwita kaka mwokozi. Siku mpasua mbao wake alipoacha kazi, kaka akamsimamisha binti yangu kwenye mashine ya msumeno. Ile kava inayokinga vidole alikuwa ameshaing'oa mwenyewe zamani, eti inachelewesha kazi. Mengine mnayajua.

Leo nina ugomvi na neno moja tu. Neno lenyewe ni "yamekwisha".

Ni neno zuri likikaa mahali pake. Mtu amekukosea, amekuja, ameinamisha kichwa, amesema alichofanya. Unamtazama, unajisikiliza moyoni, unaona umepoa. Unamwambia, yamekwisha. Linatoka kwa aliyeumia kwenda kwa aliyeumiza. Ni zawadi, na zawadi hupewi kwa kuingiza mkono kwenye mfuko wa mwenzako. Ukifanya hivyo una jina lako, na jina hilo ni mwizi.

Kaka yangu amekuwa akiiba neno hili tangu tukiwa watoto.

Baba alikuwa na utaratibu wake nyumbani. Watoto tukigombana, aliweka glasi moja ya maji mezani. Aliyekosewa anasema yamekwisha, anakunywa kwanza, mkosaji anamalizia. Glasi ikikauka, atakayelitaja tena jambo lile ndiye mwenye kosa. Ulikuwa utaratibu mzuri kwa baba aliyechoka na kelele. Ila kaka alijifunza kuukimbilia. Akivunja kitu changu, kabla sijamaliza kulia alikuwa ameshateka maji na kunisimamia: yamekwisha, kunywa. Nilikunywa maji mengi sana utotoni.

Ukubwani hakubadilika. Vibarua wake wa karakana wamempachika jina la Bwana Yamekwisha. Kibarua akidondokewa na mbao mguuni, kaka anafika, anampiga bega, anasema yamekwisha, turudi kazini. Anamsemea mwenye mguu.

Sasa basi. Jumapili mchana tuliitwa nyumbani kwa mama. Nyumba ya mama na karakana ziko kwenye uwanja mmoja, ukuta kwa ukuta, na tangu binti yangu alazwe hadi atoke mama alikuwa akisikia mashine ile ile ikinguruma, imeshapata mtu mwingine wa kuisimamia, na kava bado iko stoo. Hilo ndilo lililokuwa linanitoa usingizini. Kuna mtoto wa mtu mwingine pale.

Kwa hiyo nilikwenda na mambo yangu mawili tu. Kaka arudishe kava, na aseme mbele ya watu wa nyumbani kwamba kosa ni lake. Akifanya hivyo nitakunywa maji yake. Asipofanya, kesho yake nitakwenda kwa mkaguzi wa kazi, na hata karakana ikifungwa, ifungwe.

Asubuhi ile, akifunga vifungo vya shati, mume wangu aliniambia nisiwe na wasiwasi. Alisema leo hamwungi mkono mtu yeyote isipokuwa mwanawe. Nilimnyooshea kola kwa mapenzi. Mapenzi hayana macho, na ya kwangu siku ile hayakuwa hata na masikio.

Tulikuwa sita sebuleni. Mama kwenye kiti chake cha mto. Kaka na mkewe, yaani wifi yangu, kwenye kochi. Mimi na mume wangu kwenye viti vya plastiki. Binti yangu kajiweka karibu na mlango, mkono wake wenye bandeji umelala mapajani. Katikati yetu, juu ya stuli, glasi ya maji imefunikwa kwa kisosi, kama vile uamuzi ulishatolewa na sisi tumeitwa kushuhudia.

Mama akafungua. Alisema damu nzito kuliko maji, akasema baba yenu huko aliko hafurahi, akasema yeye mwenyewe si mtu wa kuishi sana na hataki kuacha watoto wake hawasalimiani. Mama anakufa kwenye kila kikao tangu nilipoolewa. Nampenda, lakini ni kweli.

Wifi naye akaona alete faraja. Akamgeukia binti yangu kwa sauti ya asali, akamwambia ajali ni ajali, na tena ashukuru, bahati nzuri ni mkono wa kushoto.

"Wifi," nilimwambia, "mwanangu ni wa mkono wa kushoto. Anaandikia huo. Anashikia randa huo."

Nilimtazama kaka wakati nasema. Uso wake ulinionyesha kwamba hakuwa anajua. Mtoto alifanya kazi mbele ya macho yake mwaka mzima, anapiga msasa kwa kushoto, anapaka vanishi kwa kushoto, na mjomba hakuwahi kumwangalia kiasi cha kujua mkono wake ni upi. Hapo ndipo damu ilianza kunichemka sawasawa.

Kaka akakohoa, akajiweka vizuri. "Mdogo wangu," akasema, "yaliyopita si ndwele."

Nikamwambia amalizie.

"Nimalizie nini?"

"Methali. Ina nusu ya pili."

Akatazama dari, akasema, "Tugange yajayo."

"Basi yagange. Yajayo ni yule aliye kwenye mashine kesho asubuhi. Rudisha kava."

Ajabu ya watu wanaopenda methali ni kwamba wanapenda nusu tu, ile inayowafaa. Kaka akaanza kueleza kwamba kava ni mambo ya karakana, hapa tumekaa kama ndugu, nisichanganye undugu na kazi. Nikamuuliza, alipomwita binti yangu asimame kwenye ule msumeno, alimwita kama ndugu au kama kazi. Katika ukoo wetu, asiyekuwa na jibu anaita maji.

"Mama, mpe glasi," akasema. "Yamekwisha."

Sijui niwaelezeje. Mtu mzima, ndevu zina mvi, anarudia neno lile lile alilonisemea akiwa mtoto wa kaptura. Nilisimama. Nikasema sinywi. Nikasema nani kakwambia yamekwisha? Nani humu ndani, mwenye kidonda, kakwambia yamekwisha? Nikasema kesho nakwenda kwa mkaguzi, na atakayetaka kunizuia anifunge kamba.

Mama akaanza kulia. Alisema karakana ikifungwa tutakula nini, vibarua watakula nini, jina la baba litaandikwa wapi. Akaniambia nimekuwa mtu wa kufukua makaburi.

"Kaburi lipi, mama? Bandeji bado ina damu."

Hapo mume wangu akakohoa. Nikajua sasa anaingia, sasa tuko wawili. Hata nikakaa, nimpe nafasi.

"Mimi kama baba wa mtoto," akasema, na hakuniangalia, "nasema yamekwisha."

Akanyoosha mkono, akaondoa kisosi, akanywa. Hakuonja. Alikunywa nusu ya glasi kama mtu aliyetoka juani.

Alipoinama kuirudisha kwenye stuli, shati likafunguka kidogo mfukoni, nikaona penseli. Ile bapa, nyekundu, ya seremala. Mpya, imechongwa kwa kisu. Mume wangu maisha yake yote amefanya kazi ya kufungasha sabuni, hajui hata kushika futi.

Nilimuuliza kwa utaratibu kabisa hiyo penseli ni ya nini.

Kaka ndiye aliyejibu, tena kwa fahari. Alisema alitaka tufurahie pamoja baada ya kikao, lakini kwa kuwa nimeuliza, basi mume wangu ndiye msimamizi mpya wa karakana. Alishakubali tangu Alhamisi.

Alhamisi binti yangu alikuwa anabadilishwa bandeji. Nilimshika mabega mimi peke yangu huku akiuma kanga yangu asipige kelele, na baba yake aliniambia ana miadi na mtu kuhusu kibarua. Hakudanganya. Wanaume wa aina hii hawadanganyi, wanakata ukweli vipande na kukugawia mkia.

"Nimekaa bila kazi muda mrefu, mama watoto," akaniambia chini chini. "Nawe unajua."

Nilijua. Nilijua pia kwamba nimewahi kumwonea huruma kwa hilo, usiku na mchana, na nikamfichia aibu yake mbele ya ndugu zangu. Sasa hao ndugu zangu walikuwa wamemnunua mbele yangu kwa cheo na penseli. Kama kuna anayesoma hapa ambaye amewahi kumchukia mtu anayelala naye kitanda kimoja, hana haja ya maelezo. Ambaye hajawahi, Mungu amweke hivyo hivyo.

Kaka akajinyanyua kochini amalizie glasi. Akinywa, ndio basi. Kwa utaratibu wa baba, hata mimi nikienda kwa mkaguzi, nakwenda kama mkosaji, na hakuna ndugu hata mmoja atakayefungua mdomo kunitetea.

Hakuifikia. Binti yangu aliifikia kwanza. Alinyanyuka pale mlangoni bila kusema kitu, akaichukua kwa mkono wa kulia, mkono asiouzoea, maji yakamwagikia kwenye sketi yake.

"Aliyekosewa hajanywa," akasema.

Mjomba akamwambia baba yake ameshanywa kwa niaba.

"Baba vidole vyake vyote vipo."

Mume wangu aliangalia viatu vyake. Nilitaka kumkumbatia mtoto na nilitaka kupiga kelele, na sikufanya hata kimoja.

Kaka akacheka kile kicheko chake cha kupoza mambo. Akamwambia sawa, mpwa wangu, una haki, basi kunywa wewe tumalize.

"Nitakunywa," akasema binti yangu. "Lakini mjomba, hospitali niliambiwa kwamba unawaambia watu mashine haina kosa, kosa ni langu, nilikuwa nachezea simu."

Nilikuwa sijui hilo. Alikuwa amelimeza peke yake kitandani wiki nzima.

Kaka hakukana. Alisema yeye hasemi kwa ubaya, lakini ukweli ni kwamba baba aliitumia mashine ile, na yeye aliitumia ujanani, na wote walitoka na mikono yao. Mtu akiwa na akili zake haimgusi, kava au bila kava.

"Basi kapasue ubao mmoja," binti yangu akamwambia. "Sasa hivi, hivyo hivyo ilivyo. Ukirudi na mikono yako nitakunywa, na mama hatakwenda kwa mkaguzi. Mimi mwenyewe nitamzuia."

Namjua mwanangu. Nadhani alitegemea mjomba wake atakataa. Kukataa kungekuwa ndiyo kukiri, mbele ya mama, mbele yetu sote, na kava ingerudi. Ilikuwa akili kubwa kuliko zote nilizoziona chumbani mle. Na kaka alikuwa anakaribia kukataa, nilimwona. Alishafungua mdomo, alishaanza kusema leo ni Jumapili.

Wifi ndiye aliyeharibu. Alimgusa goti mumewe, akasema, "Nenda kawaonyeshe, baba watoto. Tupumzike na maneno."

Mwanaume akishaambiwa hivyo na mkewe mbele ya mama yake na shemeji yake, pa kutokea hapana. Kaka alisimama, akatoa funguo mfukoni, akatangulia. Mama alimwita kwa jina lake la utotoni, hakugeuka.

Tukavuka uwanja sote, mama kashikwa mkono na wifi. Karakana ilikuwa na joto la bati na harufu ya vanishi. Mashine iko katikati, meza ya chuma yenye meno yanayochomoza juu, wazi kabisa. Kuna mtu aliipangusa vizuri. Sakafuni wamemwaga unga wa mbao mpya, na sikutaka kufikiria kilichokuwa chini yake. Mume wangu, msimamizi, alisimama kando ya rundo la mbao akijifanya anazihesabu.

Mimi nilisimama ukutani, kwenye nguzo yenye swichi. Nilisema nasimama pale nisimkaribie mtu, maana nilikuwa na hasira ya kumpiga mtu. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa.

Kaka akachagua ubao bila hata kuutazama. Mimi ni mtoto wa seremala, niliuona toka pale nilipo. Ulikuwa na fundo kubwa jeusi katikati, na msumeno ukikutana na fundo ubao unaruka, unavuta mkono uliokuwa unausukuma. Baba alitufundisha hivyo kabla hatujajua kusoma. Tena kaka alikuwa na shati la mikono mirefu, la kutokea, kifungo kimoja cha mkononi kimefunguka na kitambaa kinaning'inia.

Nilingoja mtu amwambie. Mkewe hajui mbao. Mama macho yake hayafiki. Mume wangu ndiyo hivyo.

"Mjomba," binti yangu akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika, "kunja shati kwanza."

"Usinifundishe kazi ya baba yangu."

Akaniambia niwashe. Sikusita, niliwasha. Mashine ikanguruma, na binti yangu akajikunyata kama mtu aliyepigwa, akakumbatia ule mkono wake kifuani. Hapo nikakumbuka sauti ile kwake ni sauti gani, na yeye ndiye aliyejileta tena mbele yake ili sisi watu wazima tuseme ukweli. Nikamchukia kaka yangu kuliko nilivyowahi kumchukia kiumbe.

Akaweka ubao mezani. Akaanza kusukuma. Mwanzo ulikwenda laini, hata akainua uso akatutazama, na midomo yake ikacheza, nikaijua inasema nini. Huku mashine inanguruma, huku mkono wake unatangulia, huku mkono wa shati unaburuzika juu ya meza kuelekea kwenye meno, alikuwa anatuambia yamekwisha.

Fundo lilikuwa halijafika bado. Lilikuwa linakuja, mkono wake uko sambamba nalo.

"Simama, mjomba," binti yangu akasema. Ngurumo ya mashine ikaifunika sauti yake. Akasema tena kwa nguvu, na kaka hakusikia, au hakutaka kusikia. Ndipo akanigeukia mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa kwenye swichi, kidole changu kiko juu yake, na hapakuwa na mtu mwingine wa kumwahi.

"Mama, zima."

Nilimwangalia kaka. Niliangalia vidole vyake, vyote kumi, safi, vya mtu wa kuamrisha. Nikamfikiria mwanangu akijifunza kushika kalamu upya.

"Mama."

Nilimsikia vizuri. Sikuzima.